Waya wa Printa

Evaristo kaingia saa nne asubuhi,
kinanda kakiviringisha kanga ya mama yake,
kinanda cha kujifunzia, funguo sitini na moja,
pesa ya korosho za mjomba, mnada wa pili.
Kutoka Kitangari amekipakata kwenye bodaboda.
Ana kompyuta? Hana. Ana waya? Hana.
Ana flashi yenye wimbo mmoja,
na ameambiwa kwamba kompyuta ikiutuma,
kinanda kitaupiga chenyewe, yeye atazame, ajifunze.

Nikakigeuza, nikakipapasa mgongoni:
tundu la mraba, pembe mbili zimepunguzwa.
Nikacheka peke yangu.
Miaka sita nachomeka na kuchomoa waya wa tundu hili,
barua za maombi, mitihani ya majaribio, kadi za harusi,
wala hakuna aliyewahi kuniambia
kuwa una njia nyingine ya kupita.

Basi printa nikaipokonya waya wake.
Wateja walikuwa wanne kwenye benchi.
"Dakika tano," nikawaambia,
na Newala nzima inajua dakika tano ni neno la adabu tu.

Mezani kibodi mbili zikatazamana,
moja ya herufi, ambayo A yake imefutika kwa kuguswa,
moja ya sauti, bado ina nailoni ya dukani.

Kimya.
Tukachomoa, tukachomeka. Kimya.
Kompyuta inasema imekiona kinanda;
kinanda hakisemi kimeona nini.
Kumbe wimbo ulikuwa unatumwa kwingine,
kama barua iliyoandikwa sanduku la posta la mtu aliyehama.
Nikashuka kwenye orodha, nikachagua jina lake,
na hapo kikashtuka.

Mimi nilitegemea funguo zishuke zenyewe.
Hazikushuka. Zilitulia kama meno ya mtu aliyelala,
na filimbi ikatoka katikati yake,
mtoto wa benchini akachungulia chini ya meza.

"Kwenye faili hamna sauti, mama," Evaristo akaniambia.
"Mna maagizo. Bonyeza huu, kwa nguvu kiasi hiki.
Haya, achia.
Kila bonyeza ina achia yake."

Bi Somoe Chilumba akakohoa.
Barua yake nilikwisha kuichapa, bado kutoka tu:
chama cha msingi wanataka nakala tatu,
akaunti ya korosho itoke jina la marehemu, iingie lake.
"Mwanangu, na mimi nina foleni nyingine kule."
Nikaona haya. Nikauvuta waya bila kuaga kompyuta.

Wimbo ukakatika.
Ila sauti moja ikabaki,
nyembamba, haipandi, haishuki,
kama mtu aliyeachiwa mlango aushike.

"Achia yake haijafika," Evaristo akasema,
"imebaki huko kwenye kompyuta,"
na kidole chake kiko tayari kwenye kitufe cha kuzimia.
Bi Somoe akainua mkono.
"Kiache kwanza."

Printa ikarudishiwa chake, ikaguna, ikatema:
moja, mbili, tatu, jina la mumewe kwenye kila karatasi.
Upepo wa huku juu ukatikisa bati.
Sauti ile ile.
Mwenye picha za pasipoti akaacha kunong'ona na simu.
Bi Somoe akahesabu sarafu juu ya kaunta,
akazihesabu tena, kisha akasema, si kwa mtu yeyote,

"Mpaka leo jioni huwa namtengea ndoo ya kuoga.
Na maji yenyewe ya kununua."

Akakunja barua, akatoka.
Evaristo alingoja mpaka amevuka barabara
ndipo akabonyeza.

Nimemwambia arudi Jumamosi.
Nitakuwa nimeagiza waya wa pili kutoka Masasi,
elfu nne, nitaukata kwenye matumizi ya duka.
Wimbo wenyewe ulikuwa upi, sikumuuliza.