Mche wa Uso

Udongo uwahi ungali maji, husema wahenga.
Wangu hauna maji.
Hutoka dukani umefungwa kama kipande cha sabuni,
mgumu, wa baridi, unanukia plastiki na chaki,
nami Blažena huukalia kwanza
kama kuku anayeatamia:
nyeupe chini ya paja la kushoto, nyekundu la kulia,
nikisoma gazeti la jana mpaka ulainike.

Nje, Jablonec yote iko chini ya theluji.
Jikoni mashine ya tambi inakoroma.
Tambi hazijapita humo tangu mwaka juzi;
dada yangu Vendula anajua, ndiyo maana hali kwangu.

Jumamosi anatimiza hamsini.
Hapendi maua, hapendi chokoleti,
kwa kweli hapendi zawadi.
Basi atajivaa mwenyewe shingoni.

Jicho: uzi mnene mweusi, umevishwa buluu,
buluu ikavishwa nyeupe nyembamba kama ganda la kitunguu,
halafu kope, ukanda wa kahawia.
Jicho halichorwi. Hujengwa refu,
lipenye toka ncha hii hadi ncha ile
kama moyo wa penseli.
Pua ni kabari mbili za kivuli.
Mdomo nikaupa tabasamu
ambalo picha haikuwa nalo.

Ulipokamilika, mche ulikuwa mnene kama kopo la maziwa,
na Vendula alikuwemo, kamili,
hata baka lake la kidevuni.

Kisha kupunguza.
Unaubana kiunoni, unauminya kuelekea nje,
unauzungusha, unauminya, unauvuta
kwa subira ya mkamuaji.
Mche unarefuka, uso unasinyaa,
hakuna rangi inayopotea,
zinasogeleana tu.

Saa nzima kwenye friji, kati ya siagi na figili.
Wembe mpya.
Kipande cha kwanza nikakitupa, maana miishoni
sura huchakaa, pua ikalala shavuni.
Nikakata tena.

Akatoka mama.

Mama, aliyesimama miaka thelathini na miwili
mbele ya tanuri la kioo
akibana shanga kwa koleo, mkono wa kulia mweusi hadi kiwiko.
Tabasamu nililoliweka limelala chini,
limekuwa ule mstari wake wa kusema "haya"
bila kukubali.

Nikakata mbele kidogo: mama.
Nikakata mbele zaidi: mama.
Na kule wembe usikofika yumo pia,
anangoja gizani, na baka la Vendula kidevuni.

Fundi yeyote angeniambia nimekandamiza sana ubavu mmoja.
Sawa. Lakini ni kidole changu kilichokandamiza.

Miaka tisa hawakusemezana.
Kwenye mazishi Vendula hakuja,
alituma shada lenye kadi isiyo na neno.
Sikuuliza. Mimi ni mtu wa kuuliza bei tu.

Ningeweza kuuponda mche wote, uwe matope ya rangi.
Udongo huu haukauki mpaka uukaange:
hauna maji, kwa hiyo hauna kuchelewa.
Nilisimama na wembe mpaka birika likapiga kelele.

Kisha nikavibandika vipande, arobaini na kimoja,
juu ya vidonge vya udongo wa mabaki,
nikavitoboa kwa sindano ya sweta,
nikavichoma nyuzi mia na thelathini, nusu saa.
Moto ambao mama angeucheka.

Jumamosi Vendula alivaa miwani.
Alihesabu shanga kwa ukucha, moja moja,
kama anayekagua chenji.

"Pua umeikosea," akasema.

Nikasema ndiyo, pua ilinishinda.

Akaufunga mkufu mwenyewe, hakutaka nimsaidie,
akauteremsha ndani ya sweta
na kuugeuza,
nyuso zikaelekea ngozi.

"Keki iko wapi?" akauliza. "Au nayo ni plastiki?"