Herufi Isiyotamkwa

Hermandad. Herufi ya kwanza hatuitamki,
ya mwisho, huku kwetu Osuna, tunaimeza na mate.
Inabaki katikati tu,
na katikati ndiko kwenye uzito.

Mimi Remedios, namba mia mbili na kumi na nne
katika daftari la undugu wa parokia.
Ada nalipa kila Januari,
nikifa watanizika kwa mishumaa yao.
Neno hilohilo, bibi alituambia,
zamani lilikuwa jina la askari
waliofunga wezi mtini wakawamiminia mishale.
Na kitenzi chake nakitumia Jumapili
nikisaka soksi ya pili ya mume wangu:
kuzifanya ndugu, ndivyo tusemavyo,
hata moja ikiwa imetoboka.

Kaka zangu, Eusebio na Fermín,
hawajasemeshana tangu mizeituni ya baba igawanywe:
miti arobaini huku, arobaini na mmoja kule.
Mti mmoja.
Miaka kumi na mmoja.

Ila msimamizi hapimi kinyongo, hupima shingo.
Alizikuta zao zina kimo kimoja
akawapanga bega kwa bega, boriti ya tatu,
gizani, chini ya Mama wa Huzuni
na fedha yake yote.

Nyundo iligonga mara tatu. Wakanyanyuka.
Penye kona, mtaa unapobana,
goti la Fermín lililegea.
Sikuliona; nani huona nyuma ya mahameli?
Niliona mshumaa mmoja juu ukiyumba,
kisha ukasimama wima,
kama mtu aliyekumbuka adabu.

Walitoka kwa milango tofauti.
Msije mkadhani walikumbatiana.

Usiku nikafua vitambaa vya kichwani.
Cha Eusebio kilikuwa na damu kisogoni,
doa pana kama sarafu,
pale uzito wa watu wawili ulipokaa.
Kufanana ndiko kulikowaweka boriti moja.
Dondosha herufi, upate kufaana:
hilo ndilo lililonishinda kung'oa
kwa sabuni, kwa ndimu, kwa maji ya moto.

Asubuhi Fermín alikuja kuchukua chake.
Akakitazama cha kaka yake kwenye kamba,
akatazama tena.
Akafungua mdomo.

Herufi ya kwanza, nadhani.
Haikusikika.