Kung'arisha Tu

Kijana kaileta kwa guta, imelazwa
kama mgonjwa wa kiuno, shingo imefungwa kamba ya katani.
"Nataka ing'ae tu, fundi. Hoteli moja Raskazone wanaitaka,
mapambo, pale mapokezi."
Nikamuuliza: na kuwaka, isiwake?
Akacheka. "Nani anakuza picha leo?"

Mimi fundi cherehani, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili.
Mashine hii sikuisomea. Lakini chuma ni chuma,
kina pa kukubalia na pa kukatalia.
Ilikuwa ya Studio Mbelwa. Babu yake alipiga vitambulisho
vya vibarua wa mkonge, foleni mpaka kwa muuza kahawa,
na koti lilikuwa moja, la studio, wakalivaa kwa zamu:
mrefu likambana, mfupi likammeza.

Nikaanza na nguzo. Kutu ya Tanga haina haraka,
inakula huku inakusalimia.
Mafuta ya taa, msasa laini, kitambaa.
Meno ya kupandishia kichwa yameshikwa na grisi
iliyoganda kama halua ya juzi;
nikayachokoa kwa sindano namba kumi na sita, jino kwa jino.
Springi sikuigusa. Springi iliyojikunja miaka thelathini
ina lake moyoni.

Mvukuto umetoboka kwenye mikunjo.
Nikakata mwavuli mweusi, uliovunjika mbavu masika yaliyopita,
nikabandika kwa gundi ya viatu, viraka kumi na kimoja.
Nikatia tochi ndani, nikafunga mlango, nikaizunguka
nikitafuta nyota.
Nyota mbili.
Nikaziziba.

Lenzi imeota ukungu, nyuzinyuzi.
Spiriti, pamba, pumzi. Ukungu ukatoka, njia yake ikabaki,
kama ya konokono ukutani.

Globu ya maziwa haipo tena madukani.
Nimeiazima kwa Mwantumu anayelea vifaranga.
"Irudi kabla ya magharibi," kasema, "hawa hawajui historia."

Ndipo nilipofungua kibano cha filamu, nikakuta mtu.

Nikaziba dirisha kwa kanga, doti nzima,
nikageuza kalenda ya mwaka jana upande mweupe,
nikawasha.
Akashuka mezani: nywele nyeupe, meno meusi,
koti la studio limekuwa la daktari.
Sikio la kulia kali. La kushoto limeyeyuka.
Basi kichwa cha mashine kimeinama. Pima maji ikakiri.
Nikachana boksi la kibiriti, nikasukuma kipande chini ya boliti,
nikazungusha kitasa, nikapita, nikarudi,
nikapita tena kidogo,
na sikio likaja,
likaja na kovu chini yake, la ncha ya mkonge nadhani,
na begani pini, iliyolikaza koti
lisimmeze.

Sikujua jina lake. Nilikaa naye
mpaka kalenda ikaanza kunuka joto.

Jumamosi kijana kaja, kajiona kwenye nguzo.
"Imeng'aa!" Akahesabu elfu ishirini.
Risiti nikaandika alivyotaka: kung'arisha tu.
Viraka, kibiriti, mwavuli, sikuviandika.

Globu imerudi kwa vifaranga.
Yule mtu nimemwacha mlemle kwenye kibano.
Akitokea pale mapokezi mgeni mwenye globu yake,
akaomba wazime taa dakika moja,
atamkuta, masikio yote mawili,
na pini.