Nusu ya Mbingu, Shilingi Mia Tano

Mwalimu Mbarouk alikuja na flashi yake
shingoni, kwa uzi, kama hirizi.
Akasema: Bikombo, nichapie mbingu.
Nikamuuliza: ya rangi au ya kawaida?

Duka langu liko Wete, mkabala na muuza ndoo.
Nachapa vyeti, barua za kuombea kazi,
kadi za harusi ambazo nyengine zimeshavunjika.
Mbingu nilikuwa sijaichapa.

Akafungua faili. Duara jeusi tii,
nyota ndani yake nyeupe, chembe chembe.
Nikashika kichwa. Mwalimu, wino wote huu?
Kiza hiki kitanimalizia katriji kabla hatujafika Kilimia.
Tuigeuze: mbingu iwe nyeupe, nyota ziwe nyeusi.
Akacheka, akakubali, na pale kwenye kioo
zikatawanyika kama habasoda juu ya mkate.

Halafu nikaona jambo.
Mbingu hii si yetu, ni ya watu wa baridi:
Jaa imekaa katikati kama bwana harusi,
na Suheli haimo kabisa.
Sisi Jaa tunaijua kwa jina tu,
imezama chini ya upeo, haitoki,
na ukiuliza jaa hapa Wete
utaonyeshwa la taka, nyuma ya soko.

Basi tukaandika: digrii tano, kusini.
Rajabu, ishirini na nane. Saa tano za usiku.
Kompyuta ikafikiri, ikaisogeza dunia kidogo
kama mtu anavyosogeza mto usingizini,
Suheli ikapanda.

Nikabonyeza. Karatasi ikaanza kutoka, kusini kwanza:
Msalaba umelala ubavu, Suheli,
Shira, miguu miwili ya Jabari, magoti,
tap.

Umeme.

Mji mzima. Feni ikazunguka kwa heshima ya mwisho.
Jabari kabanwa kiunoni na meno ya mashine,
nikamvuta taratibu, akatoka nusu mtu.
Nimdai vipi mwalimu elfu moja kwa nusu ya mbingu?
Akatoa mia tano. Akasema, njoo nawe,
leo taa za barabarani hazitatusumbua.

Uwanja wa skuli, wanafunzi wa dakhalia kumi na wawili,
tochi moja imefungwa karatasi nyekundu ya peremende
ili macho yasipoteze kiza yaliyokwisha kukizoea.
Saumu Faki akaipokea ile nusu, akaikagua, akaguna:
Mwalimu, wamekosea. Mashariki iko kushoto.
Ramani hii hailali mezani, mwanangu. Inua.
Akainua mikono, karatasi juu ya uso,
kama mtu anayeanua nguo,
na mashariki ikenda mashariki.

Nikasikia mmoja anasema "Ile pale," halafu mwengine.
Mimi sikusema kitu. Shingo iliniuma.
Miaka arubaini na mitatu nimepita chini ya Suheli
nikirudi harusini, nikirudi msibani,
nikiangalia nilipokanyaga.

Kilichobaki wakakichora wenyewe,
kalamu ya bluu, karatasi juu ya mgongo wa mwenziwe.
Mkanda wa Jabari, nyota tatu, hakuna ubishi.
Kilimia kikazusha ugomvi:
huyu kahesabu sita, yule saba,
Saumu akaapa tisa, na tisa akazitia.

Umeme ulirudi siku ya pili adhuhuri.
Mashine ikakohoa, ikatema karatasi nyeupe,
ikasahau ilipokuwa imefika.
Sikuichapa upya. Nimeitoa kopi ile ile,
juu kalamu, chini wino, na skuli nyengine sasa zinaitaka.

Kaskazini, karibu na ukingo, kuna doa.
Mwalimu anasema si nyota, ni mbu aliyepigwa kofi usiku ule.
Nimeshika kifutio mara mbili.
Nimelisitiri dukani, na kila kopi
linatoka nalo, jeusi, la duara,
zuri kuliko nyingi za kweli.