Swali la Kumi na Nne

Nimepanda hadi Uru na kishikwambi cha serikali,
chaji asilimia thelathini na moja,
viatu vimeshiba tope jekundu la kihamba.
Nimetumwa kuhesabu moto.

Ndivyo ilivyo. Nchi imejiwekea malengo,
na lengo haling'oi nanga bila takwimu:
wangapi wanapikia nini, leo,
ili mwaka ule ulioandikwa kwenye jalada
tujue tumefika, au tumepungukiwa hatua ngapi.
Semina tulipewa siku mbili, mjini Moshi.
Umeme ulikatika mara tatu
tukiwa kwenye sura ya umeme wa uhakika.
Hakuna aliyecheka.
Jenereta lilicheka kwa niaba yetu.

Mama Aikande ananivutia kigoda.
Namsomea swali la kumi na nne kama lilivyo:
Nishati kuu ya kupikia katika kaya hii ni ipi?
Chagua jibu moja.

"Chai ni gesi," anasema,
"mgeni akiwa na haraka kama wewe.
Mtungi aliuleta Ndewira, Krismasi;
nautumia kwa kijiko, kama dawa ya kikohozi.
Kiburu ni kuni. Maharage ni kuni,
tena magogo ya mgrevilea, si vijiti.
Mbege ndiyo usiseme, ndizi huchemka mchana kutwa;
kwa gesi, baba,
ingebidi niuze ng'ombe ndipo ninywe.
Pasi ni mkaa. Simu ni umeme,
ukiwepo."
Kisha anakitazama kidole changu
kinavyoelea juu ya kioo.
"Kwani nimeolewa na moto mmoja?"

Kishikwambi kinasubiri.
Kina miduara sita na subira ya mduara mmoja.

Swali la ishirini na mbili: Je, umewahi kuona
mabadiliko ya tabianchi? Ndiyo. Hapana. Sijui.
Hajibu. Anainuka, anakaza kanga kiunoni,
tunapita katikati ya migomba na mibuni
mpaka kwenye mfongo aliouchimba babu wa mumewe.
Ndani yake mna majani makavu,
kandambili moja ya mtoto,
na maji membamba kama uzi wa kushonea kifungo.
"Zamu yangu ilikuwa kila Jumanne.
Sasa Jumanne yangu huja mara moja kwa mwezi.
Andika hivyo."

Hakuna mahali pa kuandika hivyo.
Nabonyeza Ndiyo.

Nikianza kuaga, ananiuliza swali lisilokuwamo:
"Na kwako, huko Majengo, mnapikia nini?"

Nakohoa. Mkaa, mama. Wa kopo.
Makopo mawili kila jioni,
matatu siku ya maharage.
Mimi, niliyekariri viashiria vyote vya sura ya nne
na asilimia zake, mwaka kwa mwaka.

Hanicheki. Anabandika birika tena,
chai ya kuniongezea, ile ya gesi.
Moto wa buluu unanguruma, unatetemeka,
unazimika.
"Umeisha," anasema, kama mtu anayetaja saa,
na kuhamishia birika kwenye mafiga,
anapuliza mara mbili. Jivu linaamka.

Chini ya Nyingine, taja kuna nafasi ya herufi ishirini.
Nazihesabu kwa vidole, nafuta, naandika upya:
zote, kwa zamu.
Kioo kinawaka chekundu.
Tafadhali chagua jibu moja.

Chaji asilimia tisa.
Kaya ya mia nne na kumi na saba: haijakamilika.
Nakunywa chai yangu polepole, ina ladha ya mgrevilea,
namshukuru, nafunga begi,
nateremka kurudi Moshi
nikinuka moshi.