Kosa Dogo la Sarufi

Usiku natafsiri sura ya nne mezani jikoni,
vitabu vya Kihispania vimeagizwa tangu Septemba.
Printa inakohoa. Kurasa zinatoka na michirizi.

Asubuhi Wendell anauliza:
"Mwalimu, *historia* ni yaliyotokea, au ni ngano?"
Kihispania, namjibu, hutia vyote kapu moja.
Kila mtu alete yake kesho, kutoka nyumbani.

Yaretzi alileta picha ya babu wa babake,
mgongo umepinda juu ya viazisukari.
Wendell alileta shamba la ukoo wao,
Greeley, mwaka wa hamsini na mbili,
babu yake kaegemea lori.
Lori lilelile. Mbonyeo uleule mlangoni.

Darasa likanyamaza kwa lugha zote mbili.
Nami, niliyezoea kuandika majibu pembezoni,
nilikuwa na kalamu ya ubao tu, nayo imekauka.

Kengele ikalia. Hakuna aliyeinuka.
Wendell akazisogeza picha mpaka zikagusana,
akasema polepole: "*Nuestro historia.*"
Yetu, ila mwisho wa neno kaukosea,
kosa ninalolizungushia wino mwekundu kila wiki.

Nikaliacha lipite.