Pindo

Sanduku la bati la shangazi Nyanzala
lilifika Kirumba juu ya mkokoteni,
kamba ya katani kiunoni, kufuli bila ufunguo.
Tukalivunja kwa nyundo ya jirani.

Harufu ya nafthalini.
Suruali ya bugaluu, kila mguu
ungetosha kumvisha mtoto wa chekechea.
Viatu vya raizoni. Kikopo cha poda iliyoganda.
Gauni la krimplini, rangi ya haradali,
kola ndefu kama masikio ya sungura.

Na picha: yeye, mwaka sabini na tatu,
studio moja ya Makoroboi.
Nyuma yake pazia lenye maporomoko ya maji ya kuchora,
na ziwa zima liko hapo nje, halikuitwa.
Afro imesimama. Wanja umepaa pembeni mwa jicho
kama mkia wa mbayuwayu.

Mimi nakata tiketi za kivuko, Kamanga.
Siku ya kwanza nilivaa vyote, kama picha.
Mnyororo wa bodaboda ukaing'ata bugaluu.
Raizoni zikanitupa kwenye kokoto za getini.
Na wadudu wa ziwa walikuwa wameamka,
moshi hai juu ya maji;
wakanasa kwenye rangi ya mdomo,
kumi na mmoja, niliwahesabu kwenye kioo cha dirisha.
Mpakia mizigo akauliza, "Dada, leo kuna igizo?"

Nikaanza kupunguza.

Wanja: mstari mmoja, usizidi upana wa ukucha,
ukauke kabla helmeti haijavaliwa.
Rangi ya mdomo ileile, nyekundu ya tofali,
ila kwa ncha ya kidole, kisha ibanwe
kwa tiketi iliyoharibika,
nibaki kama mtu aliyekula zambarau njiani.
Poda sikuigusa. Ina shimo la kidole chake.
Nyusi sikunyoa: zake hazikuota tena,
hadi uzeeni alizichora kila asubuhi,
wa kushoto juu kidogo,
kana kwamba haamini unachomwambia.
Raizoni navaa nikiwa nimekaa,
ndani ya kibanda, siri yangu na paka wa gati.

Gauni nikampelekea Mafuru, Mlango Mmoja,
cherehani yake imezingirwa na mitumba.
"Liishie gotini. Na mifuko miwili,
wa simu na wa chenji."
Akafumua pindo kwa wembe. Akanyamaza.
"Huyu mtu alishonesha kabla yako."

Matundu ya sindano, safu kwa safu:
moja juu kabisa, ya miaka ya magoti jeuri;
moja chini, uzi mweusi, mishono ya mkono, ya haraka,
ya usiku uliposemwa vijana wanapita
kupima sketi za watu;
na kiunoni kiraka cha kitambaa kingine,
kilichochomekwa kumpisha Kwandu
alipokuwa tumboni.

Ndani ya mkunjo, jua lisikofika,
kulikuwa na rangi nisiyoijua.
Haradali? Wapi.
Kiini cha yai la kienyeji.

"Nikate, au nikunje?"
"Kunja," nikasema. "Uache akiba."
Mifuko akaichonga kutoka miguu ya bugaluu,
iliyobaki ikawa suruali ya kawaida ya Jumamosi.

Leo nimelivaa na raba nyeupe.
Upepo wa maji ukipandisha pindo
umanjano unachungulia, unarudi.
Foleni ya saa moja. Mama mmoja wa Sengerema,
ndoo ya dagaa kichwani, akainama dirishani.
"Hilo limetoka duka gani?"
"Limetoka kwetu."
"Kwenu kuna duka?"

Kivuko kikapiga honi.
Nikamsukumia mia tano yake
na kuuinua unyusi wa kushoto, kidogo.